Imamu Ghazali na Madaftari Yaliyoporwa Njiani



Ndugu wasomaji, ukurasa huu wa maisha ya wanazuoni mwaka huu tumempa Imamu Abu Hamid Muhammad bin Muhammad al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jina lake si geni hapa madrasani. Wakubwa wenu wamesomeshwa Bidayatul Hidaya, na Ihyau Ulumid Din iko kabatini kwa ustadhi, ile yenye majalada yaliyoanza kuachia gundi. Lakini sababu ya kumchagua ni matokeo ya mitihani.

Wengi wenu asubuhi mko sekondari na jioni mko hapa. Matokeo ya kidato cha nne yanapobandikwa, baadhi ya wazazi huja msikitini na nyuso nzito. Tukimwita kijana na kumwuliza alikuwa anasomaje, hukimbia nyumbani akarudi na mzigo wa madaftari. Yamejaa. Mwandiko mzuri, vichwa vya habari vimepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni kuna rundo la fotokopi alizotoa Mbinga mjini kwa fedha ya kahawa ya baba yake. Wiki ya mtihani alikesha. Naye mwenyewe haelewi imekuwaje, maana kila kitu alikuwa nacho.

Ninayeandika haya niliwahi kuwa na madaftari ya namna hiyo. Nilipokuwa kidato cha tatu wenzangu waliyaazima kunakili, wakapata alama kunishinda. Mwaka niliorudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, ustadhi wangu alinihadithia kisa cha Ghazali na majambazi. Nilikasirika kwanza, kwa sababu niliona ananisema mimi. Nakileta hapa pamoja na maisha yake mengine, kwa kuwa kisa hicho wengi hukijua kipande tu.

Mtoto wa msokota sufu

Alizaliwa mwaka 450 Hijria, sawa na 1058 Miladia, katika mji wa Tabaran, eneo la Tus, upande wa Khurasan. Leo ni kaskazini mashariki ya Irani, karibu na mji wa Mashhad. Baba yake alikuwa fukara aliyesokota sufu na kuiuza dukani kwake. Hakuwa msomi. Kazi yake ikiisha alikwenda kukaa pembeni katika vikao vya mafakihi, akiwahudumia kwa alichonacho, akiwasikiliza na kulia, na akimwomba Mwenyezi Mungu ampe mtoto atakayekuwa mmoja wao.

Alijaaliwa watoto wawili wa kiume, Muhammad na Ahmad, lakini hakuishi kuona dua yake inavyojibiwa. Alipoona mauti yamekaribia alimwita rafiki yake, mtu wa tasawwuf, akamkabidhi watoto na akiba kidogo aliyokuwa nayo. Alimweleza kwamba yeye amejuta maisha yake yote kwa kutojifunza kuandika, na anataka watoto wake wapate kilichompita, hata kama akiba yote itaishia hapo.

Rafiki yule alitimiza amana mpaka senti ya mwisho. Fedha ilipokwisha aliwaweka watoto chini akawaambia ukweli: yeye ni maskini, hana cha kuwalisha, na kwa maoni yake waende kwenye madrasa ambako mwanafunzi hupewa chakula. Wakaenda. Hivyo ndivyo mwanachuoni ambaye baadaye aliitwa Hujjatul Islam alivyoingia madrasa, akifuata mkate. Alipokuwa mkubwa alikiri wazi kwamba yeye na ndugu yake waliitafuta elimu kwa sababu nyingine isiyokuwa Mwenyezi Mungu, nayo elimu ikakataa kubaki hapo. Nalitaja hili kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba aliyekuja kwa sababu ya uji wa saa nne hana mustakabali.

Pale Tus alisoma fiqhi ya madhehebu ya Shafii kwa Sheikh Ahmad ar-Radhkani. Kisha, bado kijana, akafunga safari kwenda Jurjan, upande wa Bahari ya Kaspi. Kutoka Tus ni kama kilomita 400. Kwa hesabu yetu ni sawa na kutoka Mbinga kwenda Songea na kurudi, kisha ukarudia tena, na yote hiyo kwa msafara wa wanyama au kwa miguu.

Kilichotokea njiani

Huko Jurjan alifanya kama walivyofanya wanafunzi wote wa zama zile. Mwalimu alisomesha, mwanafunzi akaandika. Maandishi hayo waliyaita taaliqa: maelezo ya mwalimu, masuala na majibu yake, hitilafu za maulamaa na dalili zao. Mwanafunzi hakuwa na kitabu cha dukani. Taaliqa yake ndiyo iliyokuwa kitabu chake, na akirudi kwao hiyo ndiyo ilionyesha kwamba kweli alikwenda kusoma. Ghazali aliandika sana. Alipomaliza alifunga makaratasi yake katika mfuko akashika njia ya kurudi Tus.

Njiani msafara ukavamiwa. Kisa hiki kimehifadhiwa na Tajuddin as-Subki, aliyefariki mwaka 771 Hijria (1370), katika kitabu chake cha tabaka za maulamaa wa Kishafii. Amekipokea kwa njia ya Asad al-Mihani, ambaye alimsikia Ghazali mwenyewe akikisimulia. Majambazi walichukua kila kitu wakaondoka. Wengine katika msafara walishukuru kwamba wamebaki na roho zao. Ghazali akawafuata majambazi.

Mkuu wao akageuka na kumwonya arudi asije akauawa. Ghazali hakurudi. Alimwomba kwa jina la Mwenyezi Mungu amrudishie kitu kimoja tu, taaliqa yake, kwa kuwa haina faida yoyote kwao. Yule mtu akauliza taaliqa ni kitu gani. Kijana akaeleza kwamba ni makaratasi ndani ya mfuko ule, kwamba amehama kwao na kusafiri kwa ajili ya kuyasikiliza na kuyaandika, na kwamba ndani yake mna elimu yake.

Jambazi akacheka. Akamwuliza anawezaje kudai kwamba ameijua elimu hiyo, na hali wao wamemnyang'anya mfuko naye amebaki hana elimu. Kisha akaamuru apewe mfuko wake.

Mtu mwingine angeushika mfuko, akamshukuru Mola wake, na hadithi ingekuwa juu ya makaratasi yaliyookolewa. Ghazali aliyapata makaratasi yake, lakini lile swali lilimkaa. Alisema baadaye kwamba aliona ni Mwenyezi Mungu aliyemtamkisha yule mtu ili amwongoze. Alipofika Tus alikaa miaka mitatu akishughulika na yale aliyoyaandika, mpaka akayahifadhi yote na kufikia hali ambayo, lau angeporwa tena, asingepoteza elimu yake.

Miaka mitatu, ndugu zangu. Watu wanapokihadithia kisa hiki huishia kwenye kicheko cha jambazi, kwa sababu ndicho kinachochekesha. Mimi nataka tukae kidogo kwenye hiyo miaka mitatu. Alikuwa amekwisha kusoma. Kwa macho ya watu wa Tus alikuwa kijana aliyerudi na elimu ya Jurjan, na angeweza kuanza kuwafundisha watoto siku ya pili yake. Badala yake hakuongeza somo jipya kwa mwalimu mpya wala hakwenda mji mwingine. Alirudi nyuma kwenye masomo yale yale, ukurasa kwa ukurasa, akayatoa kwenye karatasi na kuyaingiza kifuani. Kijana aliyefeli anapoambiwa arudie kidato, huona aibu kana kwamba amehukumiwa. Huyu alijirudisha mwenyewe, hakuna aliyemfelisha isipokuwa jambazi.

Namna walivyokuwa wakirudia

Huenda utauliza: kurudia vipi? Maana wapo vijana wanaorudia. Hufungua daftari, macho yakapita juu ya mistari, yakaona maneno ni yale yale anayoyafahamu, akafunga akidhani ameelewa. Macho yamezoea sura ya ukurasa. Mtihani haumpi ukurasa ule, unampa swali.

Waliokuwa Nishapur zama za Ghazali hawakurudia kwa macho. Mmoja wa wanafunzi wenzake alikuwa al-Kiya al-Harrasi, naye ameacha maelezo ya namna alivyofanya. Katika madrasa moja ya Nishapur palikuwa na ngazi za kuteremkia kwenye mfereji wa maji ulio chini ya ardhi, ngazi sabini. Alipokwisha kuhifadhi somo alikuwa akiteremka, na kwenye kila ngazi akilisoma somo lile mara moja kwa moyo. Akifika chini akapanda, na kwenye kila ngazi tena mara moja. Alifanya hivyo kwa kila somo. Piga hesabu mwenyewe. Kule chini hakuna daftari, na mikono yake pengine ilikuwa na chombo cha maji.

Miaka kama mia moja baada ya Ghazali, Sheikh Burhanuddin az-Zarnuji wa madhehebu ya Hanafi aliandika kitabu kidogo juu ya namna ya kujifunza, Taalimul Mutaallim, ambacho mpaka leo kinasomeshwa katika madrasa nyingi duniani. Yeye aliweka hesabu: somo la jana lirudiwe mara tano, la juzi mara nne, la siku iliyotangulia mara tatu, la kabla yake mara mbili, na la kabla ya hilo mara moja. Maana yake ni kwamba kila siku mwanafunzi anagusa masomo ya siku tano, na kila somo linarudiwa katika siku tano mbalimbali. Yule anayekesha usiku mmoja kwa masomo ya miezi sita hana nafasi katika hesabu hiyo. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya alichohifadhi humtoka haraka mwanzoni, na kwamba marudio yaliyogawanywa katika siku kadhaa hushika kuliko marudio mengi ya siku moja. Watu wa elimu ya nafsi wamelithibitisha jambo hilo mara nyingi tangu hapo. Wazee wa Nishapur walilijua kwa ngazi zao.

Na sisi Umatengoni tusijifanye hatulijui. Anayelima ngoro hafyeki majani akapanda juu yake siku hiyo hiyo. Huyalaza kwa mistari inayokatana, akayaacha, akarudi kuyafukia kwa udongo anaouchimba katikati, hata mashimo yakabaki ya kushika maji. Mteremko ni ule ule na mvua ni ile ile ya jirani yake aliyeparura juu juu, lakini udongo wa jirani huteremka na mto.

Nishapur mpaka Baghdad

Baada ya miaka ile ya Tus, Ghazali alikwenda Nishapur pamoja na kundi la vijana wa kwao, akasoma kwa Imamul Haramain Abul Maali al-Juwaini, mwalimu mkubwa kuliko wote wa Khurasan wakati ule. Hapa hatutakaa sana, kwa sababu hapa mambo yalimnyookea. Alisoma fiqhi, usuli, ilimu ya kalamu na mantiki, akaanza kutunga vitabu mwalimu wake akiwa hai, akawa anawasomesha wenzake. Imamu al-Juwaini alifariki mwaka 478 Hijria (1085). Ghazali akatoka kwenda kwenye kambi ya waziri Nidhamul Mulk, mahali walipokutania maulamaa na kujadiliana mbele ya wakubwa, akawashinda. Mwaka 484 Hijria (1091) waziri akamteua kuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad. Alikuwa na umri wa miaka 34 kwa hesabu ya Hijria.

Ameeleza mwenyewe kwamba wakati ule alikuwa akisomesha wanafunzi 300. Mtu mwenye kazi kama hiyo kwa kawaida huacha kusoma. Yeye aliona kwamba wanaowarudi wanafalsafa wanafanya hivyo bila kuelewa wanachokisema, akaamua kuielewa elimu yao kwanza kuliko wanavyoielewa wenyewe. Hakuwa na mwalimu wa kumsomesha. Alisoma vitabu vyao peke yake, katika saa zilizobaki baada ya kusomesha na kuandika, na kwa chini ya miaka miwili akafika mwisho wake. Halafu, na hapa angalieni ile tabia ya Tus inavyorudi, hakuanza kuandika. Alitumia karibu mwaka mzima mwingine akiyarudia aliyoyasoma, akiyageuza na kuyachunguza, mpaka akajua wapi pana ukweli na wapi pana udanganyifu. Ndipo akatoa Maqasidul Falasifa, kitabu kinachoeleza falsafa kwa uadilifu kiasi kwamba wasomi wa Ulaya waliokisoma kwa Kilatini walimdhania yeye ni mwanafalsafa, na baada yake Tahafutul Falasifa, cha kuwarudi. Yule jambazi asingepata cha kuchukua.

Ulimi ulipofungika

Sasa sehemu ambayo hatuipendi sana kuwasimulia vijana, maana inaonekana kama inawapa kisingizio.

Mwaka 488 Hijria (1095), akiwa juu kabisa ya cheo chake, Ghazali alijikagua. Aliangalia kazi yake bora kuliko zote, kusomesha, akaona anashughulika na elimu zisizo na umuhimu katika njia ya akhera. Aliangalia nia yake katika kusomesha, akaona si safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali inasukumwa na kutaka cheo na jina kuenea. Kwa muda wa karibu miezi sita, kuanzia mwezi wa Rajab, alikuwa akivutwa huku na huku. Asubuhi akiazimia kuondoka, jioni azma inavunjika. Mwishowe mwili ukakataa. Siku moja alijilazimisha kusomesha ili kuwaridhisha wanaomjia, na ulimi ukashindwa kutamka neno. Akashindwa kula, hata maji hayakupita vizuri, nguvu zikamwisha. Matabibu walisema maradhi yametoka moyoni na hayatatibika mpaka moyo upate utulivu.

Kwa hiyo huyu mtu aliyeijaza elimu kifuani mpaka haiporiki, alifika mahali ambapo elimu ile ile ilikaa kifuani na ulimi hautaki kuitoa. Wapo miongoni mwenu waliowahi kuingia chumba cha mtihani wakijua, na mkono usiandike. Wengine hawakulala, wengine nyumbani kuna ugomvi, wengine wanasomea kitu alichokitaka baba. Sisi walimu huwa wepesi kuita hali hiyo uvivu. Ghazali hakuwa mvivu, na matabibu wa Baghdad hawakumwita hivyo.

Aliondoka. Aligawa mali yake, akabakisha kiasi cha kuwatosha watoto wake, akatoa habari kwamba anakwenda Makka, kumbe nia yake ni Sham, asije akazuiwa. Alikaa Damascus, akijifungia katika mnara wa msikiti mkuu mchana kutwa. Akaenda Baitul Maqdis, akazuru kaburi la Nabii Ibrahim (A.S.) kule al-Khalil, kisha akahiji na kuzuru Madina. Katika miaka hiyo ya kujitenga alitunga Ihyau Ulumid Din, vitabu 40 vilivyogawanywa katika robo nne.

Mnajua kitabu cha kwanza kati ya hivyo 40 ni kipi? Ni Kitabu cha Elimu. Na ndani yake ameweka mlango wa adabu za mwanafunzi na mwalimu: wajibu kumi kwa mwanafunzi, minane kwa mwalimu. Anamtaka mwanafunzi apunguze mafungamano yanayomgawa moyo, asimfanyie kiburi mwalimu, asijitose mwanzoni katika hitilafu za watu zikamchanganya akili, na asiingie katika fani ya pili kabla hajaitimiza ya kwanza, kwa kuwa elimu zimepangwa na moja ni njia ya kufikia nyingine. Mwalimu naye anatakiwa awahurumie wanafunzi kama watoto wake, amkanye mwanafunzi kwa kudokeza wala si kwa kumfedhehesha, na amsomeshe kwa kiasi cha uwezo wa akili yake. Nimewahi kuona vijana wanaohifadhi ile kumi yao. Ile minane yetu ningependa ibandikwe ukutani chumba cha walimu.

Kuna pia barua yake kwa mwanafunzi wake wa zamani, ijulikanayo kwa jina la Ayyuhal Walad. Mwanafunzi huyo alikuwa amesoma mengi kwa miaka mingi, akaandika kuuliza ni lipi katika yote hayo litakalomfaa. Ghazali hakumtajia kitabu kingine cha kusoma. Alimrudisha kwenye nia yake katika usiku wote ule aliokesha, na kwenye kuyatenda aliyokwisha kuyajua.

Mwanafunzi tena

Mwaka 499 Hijria (1106) alirudi kusomesha Nishapur kwa kuitwa na waziri Fakhrul Mulk, mtoto wa Nidhamul Mulk. Hakukaa muda mrefu. Alirejea Tus, akajenga karibu na nyumba yake madrasa ya wanafunzi na makazi ya watu wa tasawwuf, akazigawa saa zake baina ya kuhitimisha Qur'ani, kukaa na watu wa moyo, na kusomesha.

Lakini palikuwa na jambo moja lililobaki. Katika elimu ya hadithi Ghazali alikuwa dhaifu. Hili si siri, maulamaa wa hadithi wamezitaja hadithi dhaifu zilizomo ndani ya Ihya, na baadaye al-Hafidh al-Iraqi alifanya kazi ya kuzifuatilia moja moja. Ghazali mwenyewe aliandika kwamba mtaji wake katika hadithi ni mdogo. Angeweza kuliacha hivyo. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50, vitabu vyake vinasomwa kutoka Khurasan mpaka Andalusia, na hapakuwa na mtu wa kumpa mtihani.

Alimwita Tus mwanachuoni wa hadithi aitwaye Abul Fityan Umar ar-Rawasi, akamkirimu, akakaa mbele yake kama mwanafunzi na kusoma kwake Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Abdul Ghafir al-Farisi, aliyemjua na kuandika habari zake, anasema kwamba mwisho wa maisha yake aliielekea hadithi na kukaa na watu wake, na kwamba lau angeishi angewatangulia watu wote katika fani hiyo kwa muda mfupi. Al-Farisi anamkumbuka pia Ghazali wa ujanani, mwenye majivuno na kuwadharau watu kwa sababu ya ufasaha na akili yake. Anasema alimzuru mara nyingi baadaye, na mwanzo akadhani unyenyekevu ule ni wa kujifanya, mpaka akachunguza na kuona ni kweli.

Hakupata muda wa kuisomesha hadithi. Siku ya Jumatatu, tarehe 14 Jumada ath-Thani mwaka 505 Hijria, yaani Desemba 1111, alitawadha na kusali alfajiri. Ndugu yake Ahmad, yule mdogo waliyekwenda naye madrasa kutafuta mkate, amesimulia kwamba baada ya sala aliitisha sanda yake, akaibusu na kuiweka juu ya macho, akanyoosha miguu akielekea kibla, na kabla jua halijapanda alikuwa amefariki. Alizikwa Tabaran, mji ule ule ambako baba yake alisokota sufu na kwenda kukaa pembeni ya vikao vya waliojua kuandika.